Ngazi ya Alumini

Alikuja kuazima ngazi ya marehemu mume wangu
akiwa na miaka kumi na saba, koti la buluu limembana mabega,
tai ya babake imefungwa fundo la mtu mwenye haraka.
Jost Terhaar, mtoto wa wakamuaji wa mwisho wa Haselbrück.
"Bi Mechthild, nitairudisha Jumapili."
Mimi, mweka hazina wa tawi,
wanachama thelathini na mmoja, ishirini wao wa mikongojo,
nilimtazama kama mtu atazamavyo mvua ya kwanza:
kwa shukrani, na kwa wasiwasi wa paa.

Alipanda nguzo za taa, vibanio vya plastiki ameviuma menoni,
akaning'iniza nyuso za watu wazima
waliokuwa hawajui hata jina lake.

Hotuba yake ya kwanza ilikuwa katika ukumbi wa zimamoto,
kati ya harufu ya bia na mabuti yaliyolowa.
Alisema kengele ya kanisa si kelele.
Alisema ni aibu maziwa kuuzwa rahisi kuliko maji,
na sauti ikamkatika hapo, maana ng'ombe wao
walikuwa wamepakiwa lorini Alhamisi ile.
Wazee waligonga meza kwa vifundo vya vidole.
Baadaye akaniuliza, "Nilikosea wapi?"
"Umesema 'sisi' mara arobaini na moja," nikamwambia.
"Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu."

Diwani akiwa na ishirini na mbili.
Mwenyekiti wa vijana wa jimbo.
Ishirini na tano, Berlin,
na koti sasa lilimkaa, maana lilishonwa kwa vipimo vyake.

Nilimwona kwenye televisheni nikimenya asparaga.
Ile "sisi" yake, iliyokuwa pana kama meza ya zimamoto,
ilikuwa imesinyaa ikawa upana wa mlango wa lifti.
Aliwasema waliokuja juzi,
vidole vikikata hewa kama mtu akataye mkate asiotaka kugawa,
kana kwamba si Daktari Nizar wa Aleppo
aliyemng'oa jino usiku wa Pasaka
akakataa pesa, akapokea mayai sita.
Sikuizima. Nilipunguza sauti tu.
Bado alikuwa wetu.

Kisha uchaguzi. Tulihesabia kura shule ya msingi,
tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakitugusa videvu.
Alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili.
Nilirudia hesabu mara tatu.
Kura yangu mimi, msiniulize.
Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na mkono.

Watu husema mpanda ngazi hushuka.
Hawasemi nani aishike miguu yake.

Jumatatu alikuja na ngazi ileile, mvua ikinyesha,
maana mabango lazima yaondolewe, na vijana wa kampeni
walikuwa wamekwisha panda treni kumfuata mwingine.
Nilishika miguu ya ngazi. Yeye alikata vibanio
akanipa chini uso wake, mmoja baada ya mwingine,
wenye meno meupe, umelowa, mzito kuliko nilivyodhani.
Nguzo ya tisa, Daktari Nizar alipita kwa baiskeli,
akapiga kengele mara moja.
Jost juu kule aliinua mkono wenye mkasi.
Sikujua kama anasalimu au anajizuia asianguke.

"Nilikosea wapi?" aliuliza, bila kuangalia chini.
Nilikuwa na jibu. Nilikuwa pia na baridi.
"Malizia nguzo," nikasema, "kisha tunywe kahawa."

Ngazi haikurudi Jumapili.
Ilirudi siku ile, baada ya miaka kumi na miwili,
mguu mmoja umepoteza mpira wake, 
ikicheza kidogo kila ukiigusa.
Sikuifungia ghalani.
Niliiegemeza ukutani, upande wa barabara,
mahali anapopajua.